Kapteni Akikosea, Utanyamaza?

Wasee wa Kibokoni, wa Kuze, wa Mlango wa Papa mpaka kule Makadara, hii ni yenu. Kuna mayuthi wa kisiwani ambao tayari wako na lisensi ya urubani mfukoni. Wamesota na ada, wamelala keja za kugawana karibu na Wilson, wamerudi nyumbani na saa mia mbili na ushee kwenye logibuku, na sasa wanatarmac. Halafu siku moja imeli inaingia: njoo intavyu ya fasti ofisa. Mbogi inapiga mayowe, mathe anaanza dua, na wewe unakimbilia vitabu.

Vitabu ni muhimu, nitavifikia. Lakini nataka tuanze na kitu ambacho kitabu hakikupi, na ambacho sisi watoto wa Mombasa, kwa vile tulivyolelewa, kinaweza kutuangusha mapema. Kuna swali moja la kujiandalia kuliko yote: wewe ni fasti ofisa, umekaa kiti cha kulia, kapteni wako amefanya kosa. Utafanyaje?

Cheki vile tumekua. Mkubwa akipita uchochoroni unampisha, unamwamkia shikamoo, unangoja marahaba yake. Akiongea barazani humkatizi. Hata akichanganya miaka kwenye stori yake unamwacha amalize, kwa sababu kumsahihisha mzee mbele za watu ni utovu wa adabu, na taarifa itafika kwa mamako kabla hujafika nyumbani. Mimi naipenda adabu hiyo na sitaki msee hata mmoja aitupe. Lakini ukiingia nayo kwenye kokpiti bila kuifikiria, siku kapteni mwenye nywele nyeupe na maelfu ya saa atakapoelekeza ndege kubaya, ulimi wako utakuwa mzito. Paneli ya intavyu inajua hivyo. Inachotaka kujua ni kama wewe pia unajua.

Hii si nadharia ya mbali. Usiku wa 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways, safari KQ507, Boeing 737-800, iliondoka Douala kule Kameruni kuja Nairobi. Kulikuwa na giza na dhoruba. Chini ya dakika mbili baadaye ilikuwa imeanguka kwenye kinamasi cha mikoko, si mbali na uwanja. Watu 114 walikuwemo, hakuna aliyepona. Uchunguzi ulieleza kuwa ndege iliachwa ikalalia upande wa kulia polepole, otopailoti haikuwa imeshika, na marubani hawakujua tena wako mkao gani angani mpaka ikawa too late. Uligusia pia uratibu mbovu kati ya wawili hao, na kuondoka bila ruhusa ya mnara. Fasti ofisa alikuwa kijana wa miaka 23. Soma tena umri huo. Ni rika lako. Mungu awarehemu wote, na hakuna mtu wa barazani mwenye haki ya kumhukumu yule kijana. Lakini kila anayejiandaa kukaa kiti kile lazima ajiulize: mimi ningefungua mdomo saa ngapi, na ningesema nini?

Na ulimwengu umelipia somo hili zaidi ya mara moja. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye ukungu wa Tenerife, jumbo mbili ziligongana kwenye ranwei na watu 583 wakafa. Kapteni wa moja alikuwa ameanza kukimbiza ndege bila ruhusa ya kuruka. Injinia wake, aliyekaa nyuma yake, aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Akajibiwa kwa uhakika kuwa imetoka, naye hakuendelea. Mwaka uliofuata, kule Portland Marekani, ndege nyingine ikaishiwa mafuta hewani kapteni akishughulika na tatizo la magurudumu, na wenzake hawakumsukuma vya kutosha. NASA ikaitisha kikao 1979, na kutoka hapo yakaanza mafunzo yanayoitwa CRM, yaani jinsi wafanyakazi wa ndege wanavyotumia kila akili iliyomo ndani, si ya kapteni peke yake. Kwa hivyo ukisikia paneli ikiuliza habari za CRM, usijibu kama mtu aliyekariri kirefu cha herufi. Jibu kama mtu anayejua watu walikufa ndiyo somo likapatikana.

Sasa jibu lenyewe. Wasee wengi huchagua moja kati ya majibu mawili, na yote mawili ni mabaya. La kwanza: "Kapteni ana uzoefu kunishinda, ningemwamini." Hapo umejifungia mlango. La pili: "Ningechukua usukani mara moja." Hilo nalo linaogopesha, maana ndege yenye marubani wawili wanaovutana usukani ni hatari kuliko kosa lililowaanzisha. Jibu linalosimama ni la ngazi. Unapanda ngazi moja baada ya nyingine, sauti ikizidi kuwa wazi, bila matusi na bila woga.

Tuseme mko futi 20,000, mnakuja Mombasa mwezi wa Mei, mwezi wa mvua kubwa hapa kwetu. Kwenye rada kuna doa jekundu maili 40 mbele na kapteni anaendelea kunyoosha tu. Ngazi ya kwanza unauliza: "Kapteni, unaiona ile selo mbele yetu?" Labda ameiona na ana mpango wake, na swali lako limemaliza kazi. Akisema "haina shida" na hakuna kinachobadilika, unatoa tahadhari na sababu yake: "Tukibaki na uelekeo huu tutaingia ndani yake, na wahudumu bado wamesimama." Ngazi ya tatu unapinga na unaleta suluhisho mkononi: "Kapteni, sijaridhika na hii. Napendekeza tugeuke kushoto digrii 20 sasa. Niombe ruhusa?" Ya nne haina naomba ndani yake: "Kapteni, lazima tugeuke sasa hivi." Asipojibu kabisa, pengine ni mgonjwa, pengine amezidiwa, hapo ndipo unatangaza umechukua usukani na unageuza. Na umalizie kwa kuwaambia paneli kitu kimoja: karibu na ardhi hakuna muda wa ngazi zote. Ndege ikiwa haijatulia kwenye kutua, unaita kupaa tena, mnapaa, mnabonga mkiwa juu.

Ukilisoma tu utasema rahisi. Kulisema kwa sauti mbele ya mtu mzima ndiyo ngori. Kwa hivyo usifanye mazoezi na mbogi yako. Beste wako hakutishi. Mtafute mtu mzima unayemwogopa kidogo, ami yako, maalim aliyekufundisha chuoni, nahodha mstaafu anayekaa kule bandari ya majahazi. Mwamkie vizuri, mweleze unachotaka, umkalishe kushoto na wewe ukae kulia. Mwambie akatae kila unachosema. Utashangaa. Ngazi ya pili tu koo linakauka, unaanza kucheka cheka, unasema "samahani ami" kabla ya kila sentensi. Hapo ndipo kazi ilipo. Rudia mpaka uweze kumwambia "sijaridhika na hii" ukiwa umemtazama usoni, sauti yako ikiwa ileile ya kumwamkia. Anza kwa Kiswahili ili moyo uzoee, halafu hamia Kizungu kwa sababu intavyu itakuwa ya Kizungu. Na wazee wenyewe, nimeona, wakishaelewa kuwa abiria wako nyuma yenu, wanakuwa wakali kwako ukinyamaza.

Bonga ya Kizungu hiyo isikupe presha. Kuna mabradhe na masista wa hapa wanaogopa kuwa lafudhi yao ya pwani itawachoma. Kipimo cha lugha cha ICAO kinaangalia vitu sita: matamshi, muundo, msamiati, ufasaha, kuelewa na kuitikiana. Unahitaji kiwango cha 4 kwenda juu, na hakuna mahali kinadai usikike kama mtu wa London. Kinadai ueleweke. Shida yetu huwa ni kasi. Tukipata presha tunakimbiza maneno. Jirekodi kwa simu ukieleza tatizo moja kwa dakika mbili, sikiliza, punguza mwendo, jirekodi tena.

Haya, vitabu. Sehemu ya maswali ya kiufundi ni pana na sitajifanya naweza kuimaliza hapa. Lakini kuna somo moja ambalo mtoto wa Mji wa Kale ana deni la kulijua vizuri kuliko mtu yeyote, nalo ni hali ya hewa. Babu zako walipanga maisha yao yote kwa pepo mbili. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Ghuba kuanzia kama Desemba, kusi ikayarudisha kuanzia kama Aprili. Pepo hizohizo ndizo zinazoamua leo ndege itue upande gani pale Moi. Ranwei kubwa ni 03/21, ndefu kuliko kilomita tatu. Kaskazi ikivuma kutoka kaskazini mashariki, unategemea 03. Kusi ikishika, unategemea 21. Na katikati ya misimu hiyo miwili kuna mkanda wa mvua unaolifuata jua, ule vitabu vinauita ITCZ, unaopita juu yetu mara mbili kwa mwaka na kutuletea masika na vuli. Ukiulizwa ITCZ na ukajibu kwa kusi, kaskazi, masika na vuli, ukaeleza upepo unageuka kwa nini na mawingu ya radi yanapanda kwa nini, paneli itasikia mtu anayeielewa anga yake.

Chukua METAR, yaani ripoti ya hali ya hewa ya uwanja, kama hii, ya mfano tu: HKMO 150600Z 20012KT 9999 SCT020 27/23 Q1015. Isome kwa sauti kila asubuhi kabla ya mahamri na mbaazi. HKMO ni Moi, Mombasa. Tarehe 15, saa 06:00 za Zulu, ongeza tatu, yaani saa tatu asubuhi hapa kwetu. Upepo unatoka digrii 200 kwa noti 12. Unaona kilomita kumi ama zaidi. Mawingu yametawanyika futi 2,000. Joto 27, kiwango cha umande 23, na hapo ongeza jambo bila kuulizwa: pengo la digrii nne ni dogo, hewa ina unyevu, kwa hivyo unataka kujua kinachokuja baadaye. QNH 1015. Halafu jiulize wewe mwenyewe: ranwei gani? Upepo wa 200 na ranwei ya 21 ni karibu ana kwa ana, tofauti digrii kumi, upepo wa ubavu ni noti mbili tu. Na upepo ukihamia 150? Tofauti sasa ni 60, na kwa hesabu ya kichwa digrii 30 inakupa nusu ya upepo ubavuni, 60 inakupa karibu wote. Noti kumi na kitu ubavuni, sita usoni. Fanya hesabu hiyo ukitembea Ndia Kuu, ukiwa kwa tuktuk, ukingoja feri Likoni. Siku ya intavyu hutapata kalkuleta, na mtu mmoja kwenye paneli atakuwa anakutazama usoni ukihesabu.

Kuna maswali mengine ya aina hiyo. Uko futi 20,000, unataka kufika chini, uanze kushuka lini? Maelfu ya futi mara tatu, 60, ndizo maili zako za baharini, ongeza kidogo za kupunguza mwendo. Kwa nini ndege ileile yenye mzigo uleule inahitaji ranwei ndefu zaidi Nairobi kuliko Mombasa? JKIA iko futi 5,330 juu ya bahari, Wilson iko juu zaidi, sisi tuko kama futi 200. Hewa ya huko ni nyepesi, injini inapata pumzi kidogo, bawa linashika kidogo. Wewe uliyesomea Wilson na kuzaliwa Mombasa umeyahisi yote mawili kwa mikono yako, sema hivyo. Na V1, usiieleze kama shairi la kukariri. Ni mwendo ambao ukishaupita hakuna tena kusimama: injini ikifa kabla yake unaweza kufunga breki ndani ya ranwei iliyobaki, ikifa baada yake unaenda nayo hewani na unalishughulikia tatizo ukiwa juu. Ukilijua jambo kweli, unaweza kumweleza nyanya yako akalielewa. Usipoweza, rudi kitabuni.

Kampuni nayo uijue. Si kwa kuisifu, kwa kuijua. Jambojet ilianza kuruka tarehe 1 Aprili 2014 chini ya Kenya Airways, na leo inaendesha Dash 8-Q400, ndege ya panga mbili zenye mabawa sita kila moja, injini za PW150A za Pratt & Whitney Canada. Inatua Mombasa, Malindi, Ukunda, Lamu, Kisumu, Eldoret, na Julai 2024 ilianza kuvuka kutoka kwetu hapa mpaka Unguja. Skyward na Safarilink nao wanaleta watu pwani. Njia hizi fupi zina kazi yake: kutua mara nyingi kwa siku, kugeuza ndege haraka, ranwei ndogo kama ya Ukunda, dhoruba za mchana. Ukiulizwa "kwa nini sisi?" usiseme ndoto yako ni kupita njia kwenda Qatar. Hata kama ndiyo ndoto. Sema unachokijua kuhusu kazi yao ya kila siku na kile utakachokileta. Na kama ndege yao hujawahi kuigusa, kuwa wazi, lakini uwe umesoma jinsi injini yake ikizimika panga linavyogeuzwa ubapa wake uelekee upepo ili lisiburute ndege. Hilo kwenye ndege ya panga ni suala la uhai.

Simuleta ikifika, wengi huingia na imani kuwa wanapimwa kama wataruka bila kosa. Hapana. Hawategemei mtu wa saa mia mbili aruke kama kapteni. Wanaangalia kama unatulia, kama unaruka kwanza halafu unaangalia unakoenda halafu ndiyo unaongea na mnara, na kama kosa la dakika moja iliyopita bado limekukalia kichwani. Ukipoteza futi mia, sema "narekebisha", rekebisha, endelea. Kama huna hela za kukodi simuleta Nairobi, chapisha picha kubwa ya kokpiti, ibandike ukutani, kaa kwenye kiti mbele yake. Peleka mkono kwenye kila swichi ukiita chekilisti kwa sauti, tangu kuwasha injini mpaka kuzima. Majirani wataanza kuulizana. Waache. Marubani wa dunia nzima wanafanya hivyo, na mkono ukishajua njia, kichwa kinapata nafasi ya kufikiri.

Kwenye mazoezi ya kundi, mkiwekwa meza moja mtatue tatizo, msee anayebonga sana haonekani kiongozi, na aliyenyamaza haonekani mpole. Muite yule ambaye hajasema. Angalia saa. Basi.

Sasa tuongee maisha ya kitaa, na hapa sitazunguka. Jaba na muguka vimeshika vijana wa mji huu, mpaka Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir akapiga muguka marufuku katika kaunti na kesi ikafika mahakamani. Wewe unayetaka kuruka, mjadala wa sheria ya kaunti haukuhusu. Sheria za anga zinakataza rubani kufanya kazi akiwa chini ya chochote kinachobadilisha akili, na daktari wa medikali ya daraja la kwanza ana haki ya kukuuliza na kukupima. Acha mapema, na si kwa ajili ya kipimo peke yake. Baraza la jaba linaisha saa nane za usiku, na mtu asiyelala hawezi kujifunza hesabu ya upepo. Chukua kahawa tungu na kashata, piga stori, saa nne uwe kitandani. Beste wa kweli ataelewa, asiyeelewa ataelewa siku atakaposikia sauti yako ikimkaribisha ndani ya ndege.

Makaratasi: lisensi, medikali ambayo haijaisha, logibuku iliyojumlishwa kila ukurasa, cheti cha lugha, vyeti vya shule, pasipoti, na cheti cha mwenendo mwema unachoombea eCitizen halafu unaenda kupigwa alama za vidole. Hiki cha mwisho huchukua muda, kianze kabla hata tangazo la kazi halijatoka. Logibuku ndiyo sura yako. Kama kuna miezi sita huna hata saa moja, uwe na jibu la ukweli: hela ziliisha, nikafanya mboka ya kuuza simu pale Mwembe Tayari ili nirudi hewani. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kuongeza saa ambazo hukuruka, na wanaokuhoji wameshika logibuku nyingi mno kukosa kuziona.

Luku nayo ina nafasi yake. Suti nzuri utaipata mitumba ya Kongowea kwa bei ya mtaa, fundi wa Mji wa Kale akaibana mabega na kiuno mpaka ikae kama ya duka. Shati jeupe, njumu zilizong'aa, kucha safi. Dada wa hijabu, funga iliyotulia, rangi moja, uingie kifua mbele. Nalisema hili kwa sababu bado kuna watu kwenye baraza zetu wanamwambia msichana kuwa urubani si kazi yake. Irene Koki Mutungi, Mkenya, mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787 Dreamliner. Kama kuna ami anayekuzuia, mpe jina hilo, halafu mwombe akae kushoto akufanyie mazoezi ya kapteni. Wengi wakishirikishwa hugeuka.

Safari ya Kanairo usiifanye kwa basi la usiku ukaingia intavyu macho mekundu. Panda SGR ya mchana Miritini siku moja kabla, daraja la kawaida lilipandishwa mpaka shilingi 1,500 Januari 2024, na stesheni ya Nairobi iko Syokimau, upande uleule wa JKIA, kwa hivyo ukipata ndugu wa kukulaza Embakasi ama Syokimau huna haja ya kupambana na jam ya mjini. Beba nakala za makaratasi kwenye begi la mkononi. Kunywa maji. Baridi ya kule Julai si mchezo, chukua sweta.

Ndani ya chumba, msalimie kila mmoja na umtazame. Ukiulizwa usichokijua sema hujui, na useme ungekitafuta wapi. Hili ni zito kwetu kama lile la kumpinga mkubwa, maana tumezoea kujibu ili tusionekane wajinga. Kwenye kokpiti, rubani anayebahatisha jibu ni hatari, na paneli mara nyingine huuliza swali gumu makusudi wasikie kama utabahatisha. Mwishoni watakuuliza kama una swali. Uwe nalo. Uliza fasti ofisa mpya anapewa mafunzo ya njia kwa muda gani, anapimwa vipi, kampuni inapokea vipi ripoti za usalama kutoka kwa marubani wadogo. Swali hilo la mwisho litawaonyesha kuwa ulikuja ukifikiria kiti cha kulia, si sare peke yake.

Wakikuambia hapana, andika imeli fupi ya shukrani siku hiyohiyo na uulize kwa adabu ulipungukiwa wapi. Wengine hujibu. Halafu rudi mazoezini wiki hiyohiyo kabla kutu haijashika: medikali isilale, kipimo cha kuruka kwa vifaa kisiishe, METAR ya HKMO isomwe kila asubuhi, na ami yako asiruhusiwe kustaafu ukapteni wa barazani. Lisensi ya ATPL inadai saa 1,500, hizo zinapatikana kwa miaka. Kuna Caravan za Wilson zinazopeleka watalii Mara na mizigo kaskazini, na wengi walio kwenye Dash leo walianzia huko. Tuma CV huko pia, Jumatatu.